Baridi Hii Nayo ni Yetu

Jioni moja barazani kwetu niliwaambia wenzangu kwamba nataka kuandika juu ya heli, ile gesi ya bonde la Rukwa ambayo wengine huiita heliamu, na juu ya baridi ya ajabu ambayo wataalamu huipata kwa gesi hiyo. Mzee wetu mmoja, mshairi ambaye beti zake nimezihifadhi tangu utotoni, na ambaye simtaji kwa kumstahi, aliweka kikombe chake chini akasema: "Mwanangu, hayo ni mambo ya Bara, tena Bara ya mbali, na ya Wazungu juu yake. Jarida la mashairi lina nini na majokofu?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Lakini kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani, na usiku kucha hakikuniacha.

Makala haya ni jawabu langu kwake, na kwa wote wanaowaza kama yeye. Nao ni wengi, humu visiwani na ng'ambo ya pili. Nasema kwamba kauli ile ina makosa matatu. Inadhani kwamba lugha yetu haina ujamaa na baridi. Inadhani kwamba elimu ya baridi haijapata kupita kwetu. Na inadhani kwamba mtu wa ushairi anaweza kukaa kando wakati kitu chenye siri kubwa namna hii kinaandaliwa kuchimbwa katika nchi yake, asiulize hata kinafanya nini.

Nianze na lugha, maana ndiyo mali ya wasomaji wa kurasa hizi. Tangu visiwa hivi viwe visiwa, hakuna bibi aliyeamka Makunduchi au Micheweni akakuta theluji uwanjani. Hata hivyo neno theluji tunalo. Tuna barafu, ambalo asili yake wanaisimu huipeleka kwa Waajemi. Tuna jalidi, tuliyoipokea kwa Waarabu, na tuna sakitu, neno ambalo vijana wetu wengi hawajapata kulisikia ingawa limo katika kamusi. Maneno manne ya vitu ambavyo wazee wetu wengi hawakupata kuviona kwa macho! Waliyapata kwa sababu walikuwa watu wa bahari, na mtu wa bahari husikiliza habari za mbali na kuzipa jina kabla hazijamfika. Leo wajukuu wa watu hao wanatwambia kwamba jambo lisilotokea Darajani halina haki ya kusemwa kwa Kiswahili. Huo ni uvivu, na haufai kuvishwa kanzu ya mila.

Mimi jalidi nimeiona. Miaka niliyofundisha Nyanda za Juu Kusini nilipanda siku moja ya mwezi wa Juni hadi uwanda wa Kitulo, na alfajiri nikakuta majani yamevaa weupe kama chumvi iliyomwagwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Nililitamka lile neno peke yangu, jalidi, nikaona limekaa mahali pake. Neno lilitangulia, mimi nikalifuata.

Sasa tushuke Iringa, maana kosa la pili la mzee wangu linajibiwa huko.

Kisa cha Erasto Mpemba kinatajwa katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima, na kwetu kinajulikana kidogo kuliko kinavyostahili. (Wasomaji wetu wa Wete na Chake Chake wasikimbilie kumdai kwa jina, huyu alikuwa kijana wa Tanganyika.) Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, kisha wanayatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba. Siku hiyo mwenzake mmoja aliamua kutochemsha maziwa yake ili awahi, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa mahali, akayaingiza yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mtu mwingine angeliishia hapo. Yeye alilichukua swali lake kama mtu achukuavyo jiwe dogo ndani ya kiatu. Likizoni, Tanga, rafiki yake muuza aiskrimu akamwambia kwamba wao hutia maziwa ya moto kwa makusudi, yapate kuganda upesi. Alipofaulu na kupelekwa Mkwawa, Iringa, darasa likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, naye akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haiko katika fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimwimbia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Wanaojua maisha ya bweni wanaelewa kicheko cha namna hiyo kinavyouma. Nacho ndicho kilekile cha barazani kwetu. Kimevaa sare ya shule tu.

Kisha akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, akauliza, vyenye maji sawa, kimoja kina nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja katika jokofu, kile cha nyuzi 100 ndicho kinachoganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Alisema hajui, na akaahidi kulijaribu jambo lenyewe. Huko Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alipime. Fundi akarejea na taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi! Sijui kichekesho kingine kinachoeleza vizuri zaidi hali ya elimu yetu: macho yameona, mkono umepima, na bado tunangoja kitabu cha mtu mwingine kituruhusu kuamini.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo lile likaitwa athari ya Mpemba. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea wanyamapori Mweka na kutumikia idara ya wanyamapori. Wala sitaki kumdanganya msomaji kwamba mjadala umekwisha. Aristotle alikwisha kugusia jambo hili, na Descartes pia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya maji wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Lakini mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walionyesha kwa chembe ndogo mno ndani ya maji kwamba kilicho moto zaidi kinaweza kweli kutangulia kupoa, na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliona ndugu yake jambo hili katika atomu chache zilizonaswa na kutulizwa kwa leza. Miaka sitini baada ya maziwa ya Magamba, maabara bora za dunia bado zinalijadili swali la mtoto aliyezomewa Iringa. Nani basi atasema elimu ya baridi haijapita kwetu? Ilipita, ikagonga mlango, tukaicheka.

Najua mzee wangu atasema: hayo ni ya aiskrimu, wewe uliahidi heli. Sawa.

Heli ilijulikana kwanza katika jua kabla ya kupatikana duniani. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na kivuli kikapita Aden, bandari ambayo majahazi yetu yaliijua vyema, kikavuka bahari mpaka India. Huko Guntur, Mfaransa Jules Janssen aliuchambua mwanga wa kingo za jua. Mwaka huohuo Mwingereza Norman Lockyer aliona katika mwanga huo mstari wa manjano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana, ukapewa jina la jua kwa Kigiriki. Hapa duniani gesi yenyewe ilishikwa mwaka 1895, na William Ramsay, ndani ya jiwe lenye urani.

Kazi ikawa kuigeuza kimiminika. Gesi nyingine zote zilikwisha kusalimu amri, hii ikagoma, mpaka tarehe 10 Julai 1908, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoipooza hadi kufika nyuzi 269 chini ya sifuri, yaani zimebaki nyuzi nne tu na kidogo kufikia sifuri halisi, ule mpaka wa baridi ambao chini yake hakuna baridi nyingine. Kuanzia hapo wataalamu hawahesabu tena kwa nyuzi zetu za kawaida. Wanaanzia sifuri ile halisi na kuhesabu kwa kelvini. Heli huchemka kwenye kelvini 4.2.

Je, mtu akitaka kushuka chini ya hapo afanye nini? Hapa namwomba mzee wangu atazame pembeni mwa ukumbi wake, pale ulipokuwa mtungi wa mamake. Mtungi wa udongo hutoa jasho. Jasho likipeperuka huondoka na joto, na maji yaliyobaki ndani yakawa baridi bila ya umeme wala jokofu. Mtaalamu wa heli hufanya jambo lilelile: huuvuta kwa pampu mvuke ulio juu ya kimiminika, chembe zenye joto zaidi zikatangulia kuondoka, na zilizobaki zikapoa. Bibi zetu walioweka mtungi penye upepo walikuwa wameshika ncha ya uzi ambao ncha yake ya pili iko Leiden. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba huo ni uzi mmoja.

Ukivuta mvuke hivyo, heli huendelea kutokota kama chungu cha wali. Kisha ikifika kelvini 2.17, ghafla inanyamaza. Kiputo hata kimoja hakionekani. Kimiminika kimesimama kimya kama kioo, na anayekiona mara ya kwanza hudhani pampu imekufa. Kumbe ndani yake mambo yamegeuka. Joto sasa linapita humo kwa wepesi wa ajabu, kiasi kwamba hakuna sehemu inayopata kuwa moto kuliko jirani yake, basi kiputo kitatoka wapi? Mwezi wa Januari 1938, katika toleo moja la jarida la Nature, Pyotr Kapitza wa Moscow, na Allen na Misener wa Cambridge, kila upande kwa njia yake, walieleza kwamba kimiminika hicho kimepoteza mnato. Asali ina mnato mwingi, maji yana kidogo, mafuta ya taa yana chake. Hiki kikipita katika vijitundu vyembamba hakina kabisa. Chombo cha udongo usiopakwa rangi ya kioo, ambacho juu ya kelvini 2.17 kilizuia heli vizuri, chini ya hapo kinavuja kila mahali. Mtungi wa bibi usingeweza kukihifadhi hata kwa dakika.

Si hilo tu. Ukikitia katika kikombe kisha ukakining'iniza kikombe hicho, kimiminika hupanda ukuta wa ndani kwa utando mwembamba usioonekana, kikavuka ukingo, kikashuka nje, kikadondoka tone baada ya tone hadi kikombe kiwe kitupu. Ukikipasha joto kidogo ndani ya bomba lililoshindiliwa unga laini, kinaruka juu kama chemchemi ya bustani. Ukikizungusha polepole ndani ya chombo, chombo kinazunguka na chenyewe kimetulia. Ukizidisha kasi, hakikubali kuzunguka chote kama maji ya ndoo, bali kinatoa visulisuli vidogo vilivyo sawasawa kwa nguvu, vimejipanga kwa safu. Na katika kanieneo ya kawaida hakigandi kamwe, hata ukikisogeza karibu na sifuri halisi kiasi gani. Ili kigande ni lazima ukikandamize kwa nguvu zipatazo mara 25 ya uzito wa hewa tunayoivuta.

Sababu yake, kwa kadiri maneno yanavyoweza kufika, ni kwamba katika baridi ile atomu za heli huacha kwenda kila moja kwa njia yake. Zinaingia katika hali moja, zinakwenda kama kitu kimoja. Msomaji aliyepata kutazama maulidi ya homu anakumbuka ile safu ya watu waliopiga magoti, wanavyoinama na kuinuka kwa pamoja, hata jicho likashindwa kumtenga mtu mmoja mmoja. Ukimsukuma mmoja katika safu ile, huwezi kumtikisa yeye peke yake. Ndivyo ilivyo: ukuta wa bomba haupati atomu moja ya kuizuia, na kusipokuwa na wa kuzuiwa hakuna msuguano. Mfano una kikomo chake, na wenye ilimu watanisamehe. Nao watasema, kwa haki, kwamba ndani ya chombo kimoja sehemu ya kimiminika hubaki ya kawaida na sehemu huwa hii ya ajabu, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo ya ajabu inavyoimeza ya kawaida.

Haya, mzee wangu: kitu kinachonyamaza kikifika ukingoni mwa baridi, kinachopanda ukuta na kukitoroka kikombe, kinachokataa kuganda pale ambapo kila kitu kingine kimeganda. Ningekuwa na kipaji chako, ningelala njaa wiki nzima kwa ajili ya beti tatu juu yake.

Sasa Rukwa, na hapa ukali wangu unaongezeka.

Ndani ya miamba ya kale ya Tanzania mna urani na thori. Atomu zake huvunjika polepole mno, na kila zivunjikapo hutoa chembe ambayo ndiyo kiini cha heli. Miaka mamilioni elfu imepita, heli ikijikusanya ndani ya jiwe kama akiba ya mtu asiyejua anamwekea nani. Kisha ardhi ikapasuka, Bonde la Ufa likafunguka, na volkano za Rungwe zikapanda karibu na Mbeya. Joto la chini likaikamua heli kutoka miambani, nayo ikatafuta njia ya juu pamoja na naitrojeni. Ndiyo maana inaonekana ikibubujika katika chemchemi za maji moto. Gesi inayoleta baridi kuu kuliko zote inatokea mahali ambapo maji yanaunguza mkono!

Mwezi wa Juni 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba katika sehemu moja tu ya bonde hilo huenda mna futi za ujazo bilioni 54. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula, kusini mwa bonde, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka huohuo wa 2016, kilitoa heli hadi juu ya ardhi. Gesi iliyotoka ilikuwa na heli kwa asilimia kadhaa, ilhali kwingineko duniani asilimia 0.3 imepata kuhesabiwa kuwa inafaa kuchimbwa. Mwaka 2025 ikatolewa leseni ya uchimbaji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 480. Upande wa huko ndiko Ivuna, penye chumvi ya tangu zama, na ambako Disemba 1938, mwaka uleule wa Kapitza na Allen, kilianguka kimondo cha gramu zipatazo 700, cha aina adimu mno, hata aina yenyewe wanasayansi wakaipa jina la kijiji hicho. Kilipoletwa udongo wa sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, walikuta unafanana na jiwe la Ivuna. Wangapi katika sisi tunaopenda majina ya mahali katika mashairi yetu tumepata kulitaja Ivuna?

Tangu 2016 habari za heli nilizozisoma katika Kiswahili zimekuwa za namna mbili. Ama ni dola, ama ni puto. Tutapata mabilioni, gesi hii hujazwa katika puto za sherehe, basi. Kwamba ndiyo inayopooza sumaku za mashine za MRI zinazotazama ubongo wa mgonjwa, hutajwa kwa nusu sentensi. Kwamba chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa kuna mtambo wa CERN wenye mzunguko wa kilomita 27, ambao sumaku zake zimezamishwa katika heli ileile isiyo na mnato, kwa kelvini 1.9, sikupata kuliona likielezwa. Tunaambiwa bei ya kitu ambacho hatujaambiwa ni nini.

Na sisi wa visiwani tusijifanye hatujui mwisho wa biashara ya namna hiyo. Tulikuwa mabwana wa karafuu duniani. Tuliianika juani, tukaipakia, tukahesabu gunia. Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na bei ikatuangukia. Tulikuwa na konyo mkononi, elimu ya konyo ikawa kwa wengine. Lakini mkarafuu ukifa hupandwa mwingine. Heli haipandwi. Ikitoroka hupaa juu ya mawingu, na dunia yetu haina uzito wa kuishika milele. Huishia angani, isirudi. Kila futi itakayotoka Rukwa imetoka mara moja tu.

Kuna watakaonijibu kwamba sheria ya madini inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo. Vizuri, sipingi hata senti. Mimi naomba kitu ambacho hakimo katika hesabu hiyo: sehemu ndogo ya gesi ibaki hapa, igeuzwe kimiminika, na wanafunzi waione. Mkwawa ya Mpemba tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, kinafundisha walimu. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wapewe kila kimoja kimiminishi kidogo. Vipo vya kuendeshwa kwa umeme vinavyotoa lita kumi na kitu kwa siku, na gesi inayochemka hukusanywa kwa mabomba ikarudishwa tena isipotee. Najua heli ni kaidi, huwezi kuipooza kwa kuitanua tu kama gesi nyingine mpaka kwanza umeishusha kwa baridi nyingine. Najua umeme hukatika, najua vipuri vinatoka mbali. Hayo ni matatizo ya mafundi, na mafundi hawazaliwi penye hotuba. Mwalimu aliyewahi kuona kwa macho yake kikombe kikijimwaga chenyewe hatamwambia mtoto kwamba amechanganyikiwa.

Na alieleze jambo hilo kwa lugha gani? Hapa Zanzibar sera ya elimu ya mwaka 2006 iliwapeleka watoto wa darasa la tano kwenye hisabati na sayansi kwa Kiingereza. Nimesikia kila hoja iliyotolewa kuitetea. Bado nasema ilikuwa ni kumkata mtoto ulimi kisha kumtaka aulize. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno kama mnato, kanieneo na msuguano, niliyoyatumia humu bila ya kujikwaa, si maneno ya kubuniwa jana. Zana zipo ghalani zinaota kutu, nasi tumesimama mlangoni tunalia kwamba hatuna jembe.

Nawageukia na washairi wenzangu, maana nao wana sehemu yao. Kila likipatikana dini au gesi, huja wimbi la tenzi za pongezi: nchi yetu ina neema, viongozi hoyee, vina vimekamilika, mizani imetimia, na ndani hamna hata chembe moja ya kitu chenyewe. Utenzi wa heli ulioandikwa na mtu asiyejua kwamba heli haigandi ni sawa na utenzi wa bahari ulioandikwa na mtu asiyejua kwamba maji yake yana chumvi. Hicho kimiminika kisicho na mnato hakina bado jina la Kiswahili lililotulia. Mimi katika daftari langu nakiita kimiminika huru. Sikipendi sana jina hilo, ni refu na limekauka. Mwenye kulipata jina lililo bora alilete, na wahariri nadhani hawatakosa ukurasa wa kulichapa.

Nilimsomea mzee wangu rasimu ya makala haya Jumapili iliyopita. Alisikiliza macho yamefumba. Penye mtungi wa bibi alitabasamu, penye tenzi za pongezi alikunja uso, maana ana mbili tatu zake. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hicho kinachopanda ukuta, kinavutwa na nini huko juu?" Nikamwambia kwamba atomu za heli huvutwa na ukuta kuliko zinavyovutana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba hata maji hujaribu kupanda, ila mnato wake humrudisha. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni sababu ya kupanda," akasema. "Sasa niambie sababu ya kushuka upande wa pili." Barazani hakucheka mtu. Nimeahidi kumletea jawabu Ijumaa, baada ya sala.